Nani Analisha Korongo

Jumatatu, 11 Novemba 1974

Mvua tangu alfajiri. Ukungu umejaa mabondeni, vilima vimebaki vikielea juu yake. Nimekaa dirishani ofisini nikivitazama mpaka Mumbere akaniuliza kama nalipwa kwa kutazama. Mumbere ni karani mwenzangu hapa Idara ya Bustani za Mji. Meza yake inatazamana na yangu. Hilo ni kosa la fundi aliyezipanga, na limeniharibia miaka.

Lakini leo ni siku kubwa. Mkutano wa ushirikiano! Upande huu sisi, Mji. Upande ule Shirika la Mbuga za Kanda ya Magharibi, waliokuja kwa Landrova yenye tope la mbali. Wageni wa serikali wanafika Jumamosi ya wiki ijayo. Kapteni Asuman, mkubwa wetu, anataka korongo wawili wenye taji, wazima, watembee kwenye majani ya mzunguko wa barabara ulio mbele ya ofisi. Mbuga wana korongo. Mji una mzunguko. Nani angekataa?

Kisha mzee mmoja wa mbuga akauliza korongo watalishwa na nani. Watu wa mbuga wakatazama viatu vyao. Kapteni akatazama dari. Yeye si mtu wa bustani, ni mtu wa vifaru. Aliletwa kwetu baada ya mkubwa wa zamani kuitwa nje Jumanne moja, na kofia ya mkubwa wa zamani ingali kwenye msumari wake. Hakuna anayeitoa, hakuna anayeiulizia. Basi niliona ushirikiano unafia mezani kabla ya chai. Nikasimama nikasema imeshapangwa.

Wakati wa chai niliwanong'oneza mbuga kwamba Mji utalisha. Nikamnong'oneza Kapteni kwamba mbuga watalisha. Pande zote mbili zilifurahi, na Kapteni akanitangaza Afisa Kiungo. Mimi, Hippolyte Katembo, mtoto wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, niliyeingia Kampala na sanduku la mbao! Mumbere alinipigia makofi kwa vidole viwili.

Jioni nimelala kitandani Mengo nikiiwaza sare. Haijashonwa, wala hakuna aliyeitaja. Kijani ya mbuga begani kulia, njano ya Mji begani kushoto. Naivaa, nashuka kilima taratibu, na Kahambu ananiona.

Jumatano, 13 Novemba

Wamefika. Korongo wawili, dume na jike, wamekunjwa miguu ndani ya matenga. Wamepunguzwa manyoya ya bawa moja ili wasiruke mbali. Walipotolewa walijinyoosha, wakatazama mji, kisha wakaanza kucheza. Wakainamiana. Wakaruka juu, wakatua, wakainamiana tena. Taji zao zilishika jua. Wenye baiskeli walisimama. Hata askari wa kituo cha ukaguzi walikuja kutazama, bunduki zikining'inia. Nilisahau niko wapi.

Aliyewaleta ni askari wa mbuga, Ocen, Mwacholi mrefu mwenye maneno machache. Aliniomba nisimwite jina lake kwa sauti hapa mjini. Nimwite tu Bwana Mbuga. Sikuuliza kwa nini, maana hakuna asiyejua. Watu wa kwao siku hizi wakiitwa nje ya ofisi hawarudi kuchukua kofia. Mkewe, Acan, ni mjamzito, siku zake zimekaribia. Ocen anataka kazi iishe Jumamosi ya wageni, na Jumapili awe njiani kurudi kwake.

Kapteni alipomwona alisoma jina kifuani, akalisoma tena. Akasema mbele ya wote: “Hii ndege iko kwa kichwa ya huyu. Jumamosi nikikosa ndege, yeye atapanda gari yangu, atajieleza huko.” Akaenda kula. Ocen alibaki amesimama vilevile. Niliona kidevu chake kinacheza kidogo. Nilikuwa nimepanga ndege wawe kwa kichwa cha Mumbere.

Kahambu alikuja kuwaona! Anauza dagaa sokoni Kalerwe. Ni Mnande kama mimi, wa upande wa Beni, na ana namna ya kusikiliza akiwa ameinamisha kichwa ambayo imeninyima usingizi tangu Pasaka. Alisimama karibu nami mpaka ndege wakachoka kucheza. Aliniita kaka. Hilo nalo tutalirekebisha.

Ijumaa, 15 Novemba

Balaa. Mtama aliokuja nao Ocen umekwisha. Ocen alikwenda kwa bohari ya Mji, wakamwambia ndege ni wa mbuga. Akapiga simu ya upepo mbugani, wakamwambia ndege wako kwa Mji. Pande zote mbili zikamwambia aulize kwa Katembo.

Nilimwambia ni jambo la taratibu tu, vyombo viwili vikubwa haviamki siku moja. Aliniuliza kama nilikuwa nimewaambia ukweli. Nilimwambia niliwaambia kitu kizuri kuliko ukweli. Akaenda kuchungulia ndege wake.

Niliwapa mkate. Wakaukanyaga. Niliwapa karanga zangu mwenyewe. Wakala, wakanyoosha shingo, wakataka zaidi.

Halafu nikapata wazo. Hili ni langu peke yangu na naliandika nikiwa bado nalionea fahari. Msimu wa senene, wale panzi wa kijani wa kuliwa, umefika! Chakula kitaanguka kutoka mbinguni, bure, juu ya Mji na juu ya mbuga bila kubagua. Nilishuka Kalerwe nikasimama katikati ya soko. Nikatangaza kwamba mwanamke yeyote atakayeniletea senene nitamkumbuka. Soko lote likacheka. Aminah, mjane muuza matoke, Mganda mwenye mikono mikubwa na jicho la kupima, aliweka kisu chini. Akasema: “Ssebo, unajua kitu ile unaomba?” Nilimjibu kwamba najua vizuri kabisa. Nilifikiri anauliza kama najua senene.

Kahambu aliinama ghafla akaanza kupanga dagaa ambao walikuwa wamepangwa. Nafikiri jua lilimwumiza macho.

Jumapili, 17 Novemba

Senene wameanguka jana jioni, mara baada ya mvua. Sijui nieleze vipi. Anga iligeuka kijani. Taa za barabarani zikazungukwa, watoto wakapiga mabati, wanawake wakatandaza shuka, watu wote wa Mengo wakawa nje wameinua nyuso. Hata wale ambao siku hizi hufunga milango mapema. Kwa muda kidogo hakuna aliyemwogopa mtu. Nilisimama na mikono wazi na senene wakatua juu yangu. Nikawaza kwamba hivi ndivyo mji ungekuwa kama ungepangwa na mtu kama mimi.

Leo asubuhi Aminah alikuja mpaka chumbani kwangu. Amevaa vizuri. Beseni limefunikwa kitambaa cheupe. Senene! Lakini wamekwisha nyofolewa mabawa, wamekaangwa na vitunguu. Nikaeleza kwa adabu kwamba ndege hawali kitu cha kukaangwa. Akasema ndege gani, kula. Majirani walikuwa mlangoni. Nikala ili nisimwaibishe. Nilikula wote. Majirani wakapiga vigelegele, jambo ambalo lilinishangaza, ingawa ni kweli walikuwa watamu.

Mchana wakaja wanawake wengine na magunia ya senene hai. Korongo wamekula mpaka wakalala wamesimama. Ocen alitabasamu kwa mara ya kwanza. Nampenda mtu huyu. Nitamtaja nikipandishwa cheo.

Jumanne, 19 Novemba

Siku mbaya kuliko zote za maisha yangu, ukiacha ile ya sanduku kuanguka mtoni.

Aminah amekuja ofisini pamoja na kaka yake, Dawudi, mtu wa mabega. Ameuliza gomesi yake itakuwa ya rangi gani. Nyuma yake, ngazini, wale wanawake wengine wote wa senene. Nikasema gomesi gani. Ndipo Mumbere akanielezea, polepole, kwa furaha ambayo sitaisahau. Kwa Waganda mwanamke akimletea mwanamume senene, mwanamume anamnunulia gomesi, lile gauni lao lenye mabega ya kuchongoka. Hiyo ni desturi ya zamani. Na huyo mwanamume, akasema Mumbere, kwa kawaida ni mumewe.

Nikasema senene walikuwa wa ndege. Dawudi akauliza ni nani aliyewala mbele ya mashahidi.

Kapteni alisikia kelele, akatoka, akaelezwa. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaacha kucheka, akasema wanawake wapewe haki yao na Jumamosi ni ileile. Naye alipopita karibu na Ocen aligonga kile kibandiko cha jina kwa kidole.

Nitatoa wapi gomesi? Tangu wenye maduka wa zamani wafukuzwe nchini hakuna kitambaa mjini. Madukani kuna rafu, na juu ya rafu kuna mwenye duka, amelala. Na wanawake wameapa: hakuna gomesi, hakuna senene.

Kahambu amesikia. Amenirudishia mwavuli wangu kwa mkono wa mtu mwingine. Niliusahau kibandani kwake makusudi tangu Oktoba, ili niwe na sababu ya kurudi. Sasa nina mwavuli na sina sababu.

Hata hivyo saa ya chakula nilimwona kwa dirisha, kule mzungukoni, na kibeseni chake chini ya khanga. Anakuja kila siku. Anasema na Ocen kidogo, anazunguka upande wa ua wa ndege, anaondoka. Anaona haya. Anakuja kuniona na anashindwa kupanda ngazi. Basi hasira yake si kubwa.

Alhamisi, 21 Novemba

Wazo la pili. Kubwa kuliko la kwanza!

Jana bohari ilipokea vitambaa vya kupamba jukwaa la wageni. Mbuga wameleta jora la kijani. Mji umetoa jora la njano. Mbuga wanadhani Mji ndio unapamba. Mji unadhani mbuga ndio wanapamba. Wote wananiuliza mimi. Nimewajibu wote kwamba imeshapangwa, na mara hii ni kweli, maana nimevipanga ndani ya gari la mkokoteni na kuvipeleka Kalerwe kwa fundi. Kila mwanamke gomesi yake: nusu kijani, nusu njano. Jora moja lisingetosha.

Jukwaa ni mbao. Mbao ni kitu kizuri. Wageni watadhani ni mtindo.

Aminah aliishika gomesi yake ilipotoka kwa fundi leo, akaikung'uta, akaitazama kwenye mwanga. Kisha akaniambia nikae chini. Akasema gomesi ni nzuri na amenisamehe mengine. Alishazika mume mmoja, na hana nafasi ya mume wa pili anayekula kitu bila kuuliza maana yake. Nilishukuru. Njiani nilijikuta nimeumia kidogo, sijui kwa nini.

Lakini senene wamekwisha. Mvua imekatika, hawaanguki tena. Wanawake wanaona deni limelipwa pande zote mbili. Korongo wamenyamaza, wanachungulia kila mfuko unaopita. Kesho nitaamka mapema nifikirie.

Ijumaa, 22 Novemba

Ee Mungu wangu.

Nilifikiria mapema. Niliwaza kwamba ndege wa porini hajawahi kulishwa na idara yoyote, na bado anaishi. Kwa hiyo nikafungua ua wa mianzi alfajiri, Ocen akiwa ameenda kunawa. Kwa muda mfupi tu, wajitafutie wadudu kando ya mfereji. Mimi nikakaa majanini kuwalinda. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni, jua limeanza kupita ndani yake, ndege wanatembea humo kama wanaotembea majini. Nikaivaa tena ile sare. Sasa ilikuwa na vifungo. Kahambu alikuwa akinifunga kifungo cha juu, naye hakusema kaka.

Nilipofungua macho jua lilikuwa kali na majani yalikuwa matupu.

Kapteni alikuja na askari wake. Aliuliza ua ulifunguliwa na nani. Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Hakuna kilichotoka. Mumbere alitazama chini, na kwa mara ya kwanza hakuwa anacheka. Ocen alinitazama mimi tu, bila hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Kisha akasema ndege wako kwa kichwa chake na atawatafuta. Kapteni akampa mpaka kesho, wageni wakishuka. Akasema gari litakuwa na mafuta.

Tumetafuta siku nzima, mimi na Ocen. Tumeingia mifereji, mashamba ya migomba, vinamasi vya mafunjo. Ocen alikuwa anaita kwa sauti ya korongo, na sauti yake ilipasuka. Njiani aliniambia kama mtoto atakuwa wa kiume wamekubaliana jina. Hakulisema. Nilitembea nyuma yake nikilia kimyakimya, nikijifanya ni mafua.

Jua likizama tulifika Kalerwe. Soko linafunga. Na pale, nyuma ya kibanda cha Kahambu, kati ya magunia, korongo wawili. Wamekaa kama wapangaji. Kahambu amechuchumaa anawalisha dagaa mmoja mmoja, na anaimba taratibu kwa Kinande.

Ocen alikaa chini kwenye tope akafunika uso. Kumbe Kahambu amewalisha tangu ile Ijumaa mtama ulipokwisha. Kile kibeseni! Vipande vya dagaa visivyouzika, kila saa ya chakula. Ocen alijua, alidhani nami najua. Ndege walipopata nafasi walifuata mfereji mpaka kwa mwenye chakula.

Niliuliza kwa nini hakuniambia. Akasema: “Kaka, uliniuliza?”

Jumamosi, 23 Novemba

Naandika haraka kabla ya kusahau ilivyokuwa.

Asubuhi, ukungu bado uko chini. Tulijaribu kuwatia korongo kwenye tenga, wakapiga mabawa, wakakataa. Kahambu akasema tuwaache. Akajitwika beseni la dagaa kichwani, akaanza kutembea kuelekea mjini. Korongo wakamfuata, mmoja kulia, mmoja kushoto. Ocen nyuma yao. Mimi nyuma ya Ocen, na mwavuli.

Kwenye kizuizi askari walikuwa wanasimamisha kila mtu na kusoma kila jina. Walipoona ndege wanatoka ukunguni walisimama wima. Ni ndege aliye kwenye bendera ya nchi, nani atamgusa? Mmoja alivua kofia, sidhani alijua kwamba ameivua. Wakainua mti wa kizuizi. Ocen alipita katikati yao na hakuna aliyemtazama kifua. Nilisikia pumzi yake ikitoka.

Wageni waliposhuka garini, korongo walikuwa majanini wanacheza. Jukwaa lilikuwa mbao tupu, na Kapteni aliniangalia kwa jicho ambalo nililielewa. Lakini wanawake wa Kalerwe walikuwa wamekuja kutazama, wamezunguka mzunguko mzima, kila mmoja na gomesi ya kijani na njano, Aminah mbele. Mgeni mkubwa akasema hajawahi kuona ushirikiano wa namna hii, mpaka kwenye mavazi ya wananchi. Akapiga makofi. Kapteni akasema lilikuwa wazo lake.

Nilikuwa na furaha sana. Kila kitu kilikwenda kama nilivyopanga.

Jumapili, 24 Novemba

Landrova iliondoka mchana. Asubuhi korongo walikataa kupanda mpaka Kahambu alipopanda kwanza na beseni lake. Mzee wa mbuga akaona, akafikiri, akamwambia hapohapo kwamba kule wana ndege wengi na hawana mlishaji. Kuna nyumba ya bati na posho. Na kutoka kule milima ya kwao inaonekana.

Ocen alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Hakusema neno juu ya Ijumaa.

Kahambu alishuka, akaja mpaka niliposimama. Aliinamisha kichwa kama anavyofanya. Akaniuliza: “Hippolyte, kama nabaki huku, nani atanichunga?”

Jina langu! Alilitamka lote. Nilichanganyikiwa kwa furaha. Nikamwambia asiwe na wasiwasi hata kidogo, imeshapangwa. Nitazungumza na akina mama wa parokia, nao watazungumza na soko, na soko litamwangalia.

Alingoja kidogo, kama mtu anayesubiri maneno yaendelee. Kisha akatabasamu, akanitengeneza kifungo cha juu cha shati, akapanda gari. Korongo walitoa shingo nje pande zote mbili. Nilipunga mwavuli mpaka vumbi likaisha.

Nimekaa kitandani tangu saa hizo. Nimepitia kila neno nililosema na sioni kosa. Lilikuwa jibu kamili, lenye vyombo viwili. Lakini kifua kinauma, na mvua imeanza tena bila senene.

Jumatatu, 25 Novemba

Mkutano mwingine. Kapteni amependa sana kusifiwa. Sasa anamtaka kiboko, mdogo, kwenye kidimbwi cha bustani ya Luzira, kabla ya Krismasi. Mbuga wana kiboko. Mji una kidimbwi.

Nilikuwa natazama dirishani. Ukungu mabondeni, vilima vinaelea. Niliona Landrova ikirudi na kiboko, na juu ya kiboko mlishaji wake amekaa na beseni. Lazima waje na mlishaji. Ni lazima, si ndiyo?

Mzee wa mbuga, ambaye hakuondoka na Landrova, akauliza kiboko atalishwa na nani. Kapteni akatazama dari. Mumbere akanikanyaga mguu chini ya meza, kwa nguvu, akitikisa kichwa.

Nikasimama. Nikasema imeshapangwa.